Mtu wa Faili Moja

Mzee Posta alikuwa mtu wa faili moja, na kama hukulijua hilo basi hukuwahi kukaa naye hata kwa kikombe kimoja cha chai. Alitunza seva ya barua pepe ya mamlaka ya maji, mashine nyeusi iliyokaa ndani ya kabati la chuma katika chumba cha nyuma, ikivuma mchana kutwa. Kila barua iliyoingia ofisini au kutoka ilipitia kwenye mashine hiyo, na mashine yenyewe haina akili, inafuata maelekezo tu. Hii ipokee, ile ikatae, ya fulani aliye safarini mpelekee mwenzake. Maelekezo hayo lazima yaandikwe, na hapo ndipo watu wa kazi hiyo wanapokosana. Wengine huyaweka yote katika faili moja refu. Wengine huyakatakata, kila kipande na faili lake. Ukiisimika programu, yenyewe inakuuliza mapema: je, igawe mipangilio katika mafaili madogo madogo? Chini ya swali pana majibu mawili, Ndiyo na Hapana.

Miaka yote Mzee Posta alijibu Hapana. Alikuwa akijibu huku anaongea na mtu mwingine, kidole chake kinajua njia.

"Mimi nikifungua mlango nataka kuiona nyumba yangu yote," alikuwa akisema. "Sitaki kuambiwa kitanda kiko kwa jirani."

Maneno hayo yalimlenga msaidizi wake, mwanamke kijana ambaye ofisi nzima ilimwita Chiriku. Walimwita hivyo kwa utani, maana kusema kwake kulikuwa kwa msimu. Lakini juu ya jambo hili Chiriku alisema, tena zaidi ya mara moja. Alisema faili limekuwa refu mno. Alisema ukikosea mstari mmoja katikati, barua zote zinalala, na kila programu ikipandishwa toleo faili lao la kizamani linagombana na jipya. Wakigawa, kosa la kipande lingebaki kwenye kipande.

"Binti, unataka kunisagia nyama yangu," mzee alimjibu. "Nyama ya kusaga hujui kilichomo."

Chiriku akainamisha kichwa akarudi kwenye kazi yake. Hakuwa mtu wa kushindana.

Na nitasema kweli, lile faili lilikuwa kitu cha kutazamwa. Mzee alikuwa ameliandika kwa mkono wake tangu ofisi ilipokuwa na kompyuta za kuhesabika, na katikati ya maelekezo ya mashine aliweka maneno yake mwenyewe, kwenye mistari inayoanza na alama ya reli (#), ambayo mashine huiruka bila kuisoma. Pale kwenye barua za mkurugenzi aliandika: Usiguse hapa. Ukigusa, yeye atakosa barua na wewe utakosa raha. Mahali pengine: Leo binti yangu anaolewa, hili nimelifanya haraka, lirudiwe. Halikurudiwa kamwe, na binti huyo sasa alikuwa na watoto wanaokwenda shule. Mtu angeweza kulisoma faili lile akajua mwaka gani mzee aliugua, mwaka gani aligombana na idara ya fedha na nani alikuwa na makosa. Kwa maelezo yake, walikuwa wao.

Kisha macho yakaanza.

Mkewe ndiye aliyetambua kwanza, asubuhi moja mezani, alipomwona anamimina chai kando ya kikombe kwa utulivu wa mtu asiye na habari.

"Baba watoto, hiyo chai inakwenda wapi?"

"Inakwenda kikombeni."

"Inakwenda mezani."

Wakacheka wote wawili, lakini mkewe alicheka kidogo tu. Tangu siku hiyo akawa anamtazama. Akamwona anavyopiga goti lake kwenye kiti kile kile kila siku, anavyogeuza kichwa kizima kutafuta kijiko kilichokuwa pembeni mwa mkono wake. Akamshika, akampeleka kwa daktari wa macho, na mzee akaenda akinung'unika njia nzima. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba ugonjwa huu unakula kutoka pembeni kwenda katikati, bila maumivu, ndiyo maana mtu hushtuka umeshamaliza sehemu kubwa.

"Dawa ni ya kulinda kilichobaki, mzee wangu. Kilichokwenda hakirudi."

Kilichobaki kilikuwa tundu. Mzee aliona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: mbele pana kitu, pembeni hakuna. Na hata hicho cha mbele kilianza kupauka, rangi zikafanana.

Kazini hakumwambia mtu. Alijua ingekuwaje. Hakuna ambaye angemtimua, hapana, ofisi yao ilikuwa na adabu zake. Angepewa barua ya kustaafu mapema, soda na keki, na saa kubwa ya ukutani yenye jina lake.

"Saa ya ukutani," alimwambia mkewe, "kwa mtu asiyeona ukuta."

Mkewe hakucheka kabisa. Alimwambia aombe kupumzika, watoto wameshakuwa wakubwa, kuna haja gani ya kujikaza kisabuni. Mzee hakujua amwambieje kwamba akitoka kwenye chumba kile cha nyuma hatakuwa mtu yeyote. Watu walimwita Mzee Posta. Akiondoka posta, atabaki mzee tu, na wazee wasioona wako wengi. Hilo ndilo lililomtisha, kuliko hata giza lenyewe.

Akaanza kukuza herufi kwenye skrini. Akazikuza, akazikuza, hadi skrini nzima ikawa inabeba mistari michache tu. Na hapo ndipo faili lake lilipomgeuka. Kitu alichokipenda kwa sababu alikiona chote kwa pamoja, sasa hakukiona hata robo ya robo yake. Alikuwa akishuka mstari kwa mstari, akifika chini amesahau ya juu, akipanda juu amepoteza alipokuwa. Nyumba yake mwenyewe akawa anaitembea kwa kupapasa. Na aibu iliyoje, kwamba dawa ya jambo hilo ilikuwa ile ile ya Chiriku: vipande vifupi vifupi, kila kimoja kinatosha ndani ya lile tundu la macho yake.

Akajikongoja na wazo hilo kwa muda mrefu, kisha asubuhi moja akaingia kazini na uso wa mtu aliyefikiria makubwa.

"Binti, nimeamua. Tunagawa."

Chiriku aligeuka. "Unasema kweli, mzee?"

"Dunia inabadilika. Tusiwe wakaidi."

Chiriku alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa habari njema. "Sawa, mzee," akasema. "Nikusaidie?"

"Nimeianza peke yangu, nitaimaliza peke yangu."

Akafanya Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, jua limejaa dirishani. Aliiamuru programu imwulize upya yale maswali yake ya mwanzo, na swali likaja. Ndiyo na Hapana zilikuwa chini, kila moja kwenye kisanduku chake, na lililochaguliwa huwa jekundu. Zamani wekundu ule ulikuwa ukimrukia machoni. Sasa aliona visanduku viwili vya kijivu. Alibonyeza kitufe cha kuhama, akatazama, akabonyeza tena, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Kimoja kilionekana kimekolea zaidi. Akajiambia ndicho Ndiyo, akaidhinisha. Mashine haikubisha. Mashine hizi zina ustaarabu mbaya sana wa kukubali kila kitu.

Wiki zilizofuata alihamisha maelekezo yake kipande baada ya kipande, na ninaweza kusema alikuwa na furaha. Alimwambia mkewe kazi imekuwa nyepesi. Akitaka kubadili kitu, anafungua kafaili kadogo, anakaona kote, anarekebisha, anaiwasha upya huduma, basi. Kujaribu kama barua inafika alimwachia Chiriku, kwa kuwa kusoma kumbukumbu za mashine, zile herufi ndogo zinazoporomoka kama mvua, hakukuwezekana tena. Alijifanya anamfundisha kazi.

"Haya, jaribu."

"Ngoja kidogo, mzee, mtandao mzito."

Anasikia vidole vya Chiriku kwenye kibodi. Anasubiri, anapangusa miwani isiyomsaidia kitu.

"Imefika, mzee."

"Unaona? Mimi nilikuwa mpumbavu kukataa siku zote."

Kwa ajili ya huo mtandao mzito alikwenda hata kuwafokea mafundi wa mtandao, wakamjibu mtandao uko vizuri kabisa, akawaona wavivu.

Kisha mama yake Chiriku akapangiwa upasuaji huko kwao, na Chiriku akaomba ruhusa. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na mkoba wake begani, hataki kwenda wala hataki kubaki.

"Mzee, kukiwa na mabadiliko yoyote nipigie simu. Hata kama nipo hospitali."

"Kamuuguze mama. Kwani mimi ni mtoto?"

"Nipigie tu, baba."

Hakuwa amewahi kumwita baba. Mzee akaona ni huruma ya safari, akampungia mkono upande ambao alidhani ndiko aliko.

Hazikupita siku nyingi, mhandisi wa zamu akaenda likizo. Yeye ndiye aliyepokea barua za dharura, zile ambazo wananchi huandika wakiona bomba limepasuka au maji yana harufu. Mkurugenzi akaagiza ziende kwa mhandisi wa pili. Kazi ndogo. Mzee akafungua kafaili kanakohusika, akabadili, akaiwasha upya huduma. Alifikiria kumpigia Chiriku, akaona haya. Alifikiria kujaribu mwenyewe, macho yalikuwa yanamwasha, akasema kesho. Mambo yote mbona yalikuwa yakienda vizuri?

Bomba kuu likapasuka karibu na nyumba za wapangaji, kwenye bonde. Watu wakaandika. Barua zao zikaenda kwa mhandisi aliye likizoni, ambaye simu yake, kama ilivyo haki ya mtu aliye likizoni, ilikuwa imezimwa. Maji yakamwagika mchana kutwa hadi yakatafuta milango.

Mkurugenzi alimwita Mzee Posta kwenye ukumbi wa mapokezi. Alipofika alisikia sauti ya mwanamke kabla hajamwona. Alikuwa mshonaji, anaishi na kushonea katika chumba kimoja kule bondeni.

"Niliandika. Niliandika tena. Tazameni simu yangu, hizi hapa. Sare za watoto wa watu zimelala kwenye matope, cherehani yangu ndiyo hiyo inatoa maji kama jungu lililotoboka. Sasa nani alizisoma hizi?"

Mzee Posta akaona ni wajibu wake. Akasogea, akaweka mkono kifuani.

"Mama, pole sana. Mimi ndiye ninayetunza barua. Nisamehe, nitafuatilia mpaka nijue zilikwama wapi. Kama zilifika kwangu..."

"Baba," yule mwanamke akamkatiza, na hasira ilikuwa imemtoka sautini. "Mimi niko huku."

Alikuwa akizungumza na chungu cha maua.

Hakuna aliyecheka. Angalau mmoja angecheka ingekuwa nafuu. Mkurugenzi alikohoa, akasema mzee apumzike kidogo, yeye atamsikiliza mama mwenyewe, na mtu fulani akamshika mzee kiwiko kwa upole akamrudisha hadi chumba cha nyuma. Ule upole ulimuumiza kuliko matusi.

Aliketi mbele ya skrini. Akaandika barua kwa anwani ya dharura, akaomba mhandisi wa pili amwambie kama imefika. Haikufika. Akafungua kafaili kake: maelekezo yalikuwa sahihi, mhandisi wa pili yupo pale kwa jina lake. Mashine ilikuwa hairidhiki na nini? Ndipo akaenda kwenye faili la majibu, pale ambapo programu hutunza yale uliyoyajibu siku ya maswali. Akakuza herufi hadi neno moja likajaza skrini. Mipangilio igawanywe: Hapana.

Alilisoma neno lile mara nyingi, kana kwamba lingechoka libadilike.

Maana yake alihitaji muda kuielewa. Mashine haikuwahi kuvisoma vipande vyake. Tangu Jumamosi ile ilikuwa ikisoma faili lile lile refu la zamani, na kila alichokiandika kwenye vile vipande kilikuwa ni maneno ya mtu anayeongea peke yake. Lakini mabadiliko yalikuwa yakifanya kazi! Barua zilikuwa zikifika!

Akalifungua faili refu. Akashuka mstari kwa mstari, pua kwenye kioo. Na akayakuta mabadiliko yake yote humo, moja baada ya jingine, yameandikwa kwa mkono usio wake, kwa unadhifu asiokuwa nao. Pale alipokosea kwenye kipande, humu kulikuwa kumesahihishwa. Hata utani wake mpya aliouweka kwenye vipande, yale maneno yaliyoanza na alama ya reli, Chiriku alikuwa ameyanakili neno kwa neno na kuyapanga mahali pake, ili mzee akija kulifungua asikose kitu.

Ngoja kidogo, mzee, mtandao mzito.

Alivua miwani akaiweka mezani. Akalia, tena si kwa siri, maana chumba kilikuwa kitupu na mashine inavuma. Hakumkasirikia Chiriku. Afadhali angemkasirikia. Kilichomliza ni kwamba ile furaha aliyompelekea mkewe nyumbani kila jioni ilikuwa zawadi ya mtu mwingine, na hakuijua. Na yule mshonaji, ambaye hakumkosea mtu, ndiye aliyelipia.

Chiriku aliporudi, mama yake anaendelea vizuri, alimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha msaidizi. Kiti chake mwenyewe alikuwa amekisogeza mbele ya skrini, kitupu.

"Mzee, kuna nini?"

"Tangu lini ulijua?"

Chiriku hakuuliza nini. Aliweka mkoba chini. "Tangu siku uliposema tunagawa. Wewe ugawe, mzee? Nikajua ni macho."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unafurahi."

"Mwanangu, kuna mama kule bondeni cherehani yake imekufa."

Chiriku akaketi, si kwenye kiti cha mzee, kwenye ukingo wa meza. Alifunika uso kwa mikono. Alisema alijua anakosea, ila hakuthubutu kugeuza jibu liwe Ndiyo kwa siri, maana vipande vilikuwa havijakamilika na barua zingelala. Alisema kila asubuhi alikuja amejiandaa kumwambia, kisha mzee anamwambia jaribu, kwa sauti ile, naye anashindwa. Mzee alimwacha amalize. Kisha akasema kwamba ameshaongea na mkurugenzi, barua ya kustaafu inaandikwa, na kwamba ameomba wasimpe saa. Badala yake, bei ya saa hiyo pamoja na kitu kidogo kutoka mfukoni mwake vingekwenda kule bondeni.

"Keti kwenye kiti," akamwambia. "Kabla hujaligawa, nisomee. Lote."

"Faili lote, mzee?"

"Lote. Mimi sitaliona tena."

Chiriku akakalia kiti, akasoma. Yeye ambaye kusema kwake ni kwa msimu alisoma hadi sauti ikamkauka: maelekezo makavu ya mashine, kubali hii, kataa ile, na katikati yake maneno ya mzee. Usiguse hapa. Idara ya fedha wameomba radhi, nimewasamehe kwa masharti. Mzee alikuwa amefumba macho. Walipofika kwenye ndoa ya binti yake, Chiriku akasita, akasoma polepole: hili nimelifanya haraka, lirudiwe.

"Lirudie wewe," mzee akasema.

Walipomaliza, Chiriku akakileta kile kisanduku cha swali. Mzee alinyoosha kidole, kidole kile kilichokuwa kikijua njia, kikaning'inia hewani juu ya kibodi.

"Ndiyo iko wapi?"

"Kushoto, mzee."

Kidole kilikaa hapo kidogo. Kisha akakirudisha, akaupumzisha mkono wake magotini.

"Bonyeza wewe."

Akasikia kitufe. Akasikia vidole vya Chiriku vikihamisha maelekezo kwenye vipande vyake, mchana ukapita, chai ikapoa. Mwisho huduma ikawashwa upya, na Chiriku akatuma barua ya majaribio kwenye anwani ya dharura. Mzee akajiweka sawa kwenye kiti kusubiri, kama alivyozoea.

"Imefika," Chiriku akasema papo hapo.

Mzee Posta akatikisa kichwa, akapapasa ukuta kutafuta koti lake.